Bima ya Upande Mmoja

Jumatatu, 3 Agosti 2009

Felisia anakuja Jumamosi! Kapata viza. Mwezi huu ambao watu wazima na heshima zao wananyimwa, yeye kapata. Kanipigia kutoka Mwanza, sauti inakatikakatika, kasema nimpokee uwanja wa ndege, ana mabegi mengi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitakuja na gari langu.

Gari langu! Sijui lilitokea wapi. Mdomo ulifunguka wenyewe. Felisia akacheka, akasema Wahaya ninyi. Halafu salio likamwishia.

Sina gari. Nina mwavuli, jiko la umeme na chumba ghorofa ya nane hapa Sanyuanli, Guangzhou. Chumba kilikuwa chetu wawili, mimi na Josphat wa Nakuru, lakini Josphat kahamia Foshan tangu msako wa pasipoti uanze. Anasema Guangzhou kumeiva. Ni kweli kumeiva. Polisi wako barabara ya Guangyuan Xilu, wako kwenye vichochoro, wako kwenye ngazi. Pasipoti, pasipoti. Yangu ni safi na viza iko hai, mimi sina neno. Ila watu wamekwisha. Barabara iliyokuwa ikipiga kelele kwa Kiswahili, Kilingala na Kiigbo, sasa unasikia magurudumu ya mikokoteni tu. Kazi yangu ni kuwatembeza wafanyabiashara kutoka nyumbani, kuwaonyesha maduka na kuwatafsiria. Mwezi uliopita nilimtembeza mtu mmoja, Mganda, naye alijua Kichina kuliko mimi.

Gari litapatikana. Si kwa kujionyesha. Nina jambo la kumwambia Felisia na limenikaa kifuani tangu safari yake ya kwanza. Ni mjane, ana duka la viatu karibu na Makoroboi kule Mwanza, na akicheka unasahau umetoka wapi. Mdomoni namwita Mama Flavia, kwa jina la bintiye. Moyoni namwita Felisia. Sokoni jambo hilo halisemeki, macho yake yako kwenye soli. Kwenye basi la uwanja wa ndege ndiyo kabisa, kwa sababu humo yumo Haidar.

Haidar ni Mzanzibari wa ghorofa ya saba. Anafanya kazi kama yangu, na wateja wote waliokuwa wangu sasa ni wake. Anawapokea kwa basi, anawabebea mabegi, wanamsifu. Mtu mzima kubeba mabegi! Kila tukikutana kwenye ngazi anasema Bwana Jovitus, karibu chai. Kila mara nakataa. Siwezi kunywa chai ya mtu anayeninyang'anya riziki.

Gari ni watu wawili na milango imefungwa. Kutoka uwanjani hadi hapa ni mwendo wa kutosha kabisa kusema neno moja la maana.

Jumanne, 4 Agosti

Kampuni ya kukodisha magari. Vioo, kiyoyozi, msichana mwenye tabasamu. Nikatoa leseni yangu ya Bukoba, niliyoitafsirisha kwa Kichina kwa jamaa anayechapisha kadi za harusi. Msichana akaigeuza. Akamwita mwenzake, naye akaigeuza. Meiyou, hakuna. Nikawaeleza kwamba nimewahi kuendesha kutoka Bukoba hadi Mwanza mvua ya masika na sikukwama. Meiyou. Nikanywa maji yao ya bure, nikatoka.

Nikaenda soko la Zhanxi kwa laoban ninayempelekea wateja wa viatu. Hapa kila mwenye duka anaitwa laoban, lakini huyu wangu ana kigari cha rangi ya fedha nyuma ya duka, kimefunikwa turubai. Anajua na Kiswahili cha sokoni. Akasema gari lipo, Ijumaa mpaka Jumatatu, rafiki, bei poa. Leseni akaitazama akaisifu picha.

Halafu akaleta habari ya bima. Bima ya serikali ipo, ile ya kugonga watu. Lakini mikwaruzo na mabonyeo ni juu ya mwenye usukani. Nikimwongezea kitu, hiyo ndiyo bima yake ya ziada: mikwaruzo yote ni mali yake, na pasipoti yangu nabaki nayo mfukoni. Nisipoongeza, pasipoti inakaa kwenye droo yake mpaka gari lirudi likaguliwe.

Nikajua papo hapo naibiwa. Bima nayo ni bidhaa, na Zhanxi bidhaa hainunuliwi kwa bei ya kwanza. Mimi mwenyewe ndiye ninayewafundisha wateja! Usichekelee. Sema tai gui le, ghali mno. Geuka. Tembea taratibu, utaitwa. Basi nikasema tai gui le. Nikageuka. Nikatembea taratibu. Nikafika hadi kwa muuza nanasi sijaitwa. Nikanunua nanasi ili nisionekane nasubiri. Nikarudi dukani nikasema nimesahau mwavuli.

Mwavuli nilikuwa nao mkononi. Mke wa laoban aliingia ndani kucheka. Nimewaambia wangoje jibu langu.

Jumatano, 5 Agosti

Mvua kutwa. Nimeshinda nawaza bima.

Faida ya kununua: amani. Faida ya kutonunua: mimi ni dereva mzuri, na hela hiyo inatosha vitambaa vya viti na manukato ya gari, vitu ambavyo Felisia ataviona kwa macho na kuvisikia kwa pua. Bima haionekani. Huwezi kumfungulia mwanamke mlango ukamwambia karibu ndani, hili lina bima ya ziada.

Nimempigia Josphat. Kasema, “Buda, lipa tu yote. Makarao wa huko saa hii hawachezi. Usiwache paspoti kwa mtu.” Nikamwambia yeye mwoga, ndiyo maana yuko Foshan. Akaniuliza kama dari bado inavuja. Nikasema haivuji. Inavuja juu ya kitanda chake.

Nikamwuliza na Haidar kwenye ngazi, lakini kwa akili. Nikasema nina rafiki yangu, anataka kukodi gari, anauliza habari ya bima. Haidar akanitazama kwa upole wake ule unaoudhi. “Mwambie rafiki yako, mwezi huu pasipoti isimtoke mwilini hata akienda kukoga. Na leseni ya kwetu huku haimsaidii kitu, bora apande basi. Kisha mwambie na yeye karibu, chai ya iliki ipo.” Nikamjibu rafiki yangu hanywi chai.

Ukiwatoa hao wawili, leo sijasema na mtu. Nilimsalimia mama wa tambi kule chini, akaninyooshea kidole kwenye bei.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimeamka na akili!

Gari lina pande mbili. Likikwaruzwa, linakwaruzwa upande mmoja. Kwa nini nilipie pande zote mbili? Na upande ni upi, mimi najua. Nilikuwa tanboi wa Fuso la baba mdogo kabla sijaota ndevu. Upande unaoumia ni wa kushoto, siku zote. Kushoto ndiko kuna mitaro, nguzo, baiskeli na mbuzi wa watu. Kulia ni madereva wenzako mnaopishana, nao wana macho.

Laoban alinisikiliza mpaka mwisho. Akamwita mkewe asikilize. Mkewe akamwita wa duka la pili. Nikarudia maelezo kwa mikono. Wakacheka vizuri, bila dharau, wakaniuliza ni kushoto kweli? Hakika? Nikasema kushoto, mimi ni mtu wa magari. Laoban akaniuliza tena mara nyingine, akiwa ameacha kucheka. Nikasema kushoto! Akakubali. Nusu bei! Sikutembea hata hatua moja.

Kuhusu pasipoti, kasema nusu bima ni nusu pasipoti. Ya kweli inakaa kwake kwenye droo, mimi napewa fotokopi. Ya rangi! Imetoka inang'aa kuliko yenyewe.

Hela iliyobaki nimenunulia vitambaa vya viti, vyekundu, na manukato ya ndimu. Josphat angeniona leo angerudi.

Ijumaa, 7 Agosti

Siku ya kuchukua gari. Familia nzima ya laoban imetoka nje kunitazama. Nikafungua mlango, nikaketi, nikanyoosha mikono. Usukani hakuna. Uko upande wa pili. Nikafungua kidroo cha mbele, nikakikagua, nikakifunga, nikatoka, nikazunguka. Nadhani walielewa kwamba mtu makini hukagua kwanza.

Barabara za huku zinaendeshwa kulia. Nilijua! Nimezivuka miaka mitatu. Lakini kuzijua kwa miguu si kuzijua kwa usukani. Nilishika njia polepole, jicho lote kushoto, naulinda upande wangu wenye bima. Pikipiki za umeme nikazikwepa. Mkokoteni wa marobota ya nguo nikaukwepa. Kulia nilisahau kama gari lipo.

Kwenye lango la ua wetu kuna nguzo ya chuma. Nikasikia sauti kama mtu anakwangua ukoko wa ubwabwa, na akakwangua wote.

Kulia! Kuanzia taa ya mbele mpaka mlango wa nyuma. Nikazunguka kushoto, kushoto kunang'aa, unaweza kujitazama ukachana nywele. Ndipo nikaelewa. Huku mitaro na nguzo na baiskeli ziko kulia. Nimelipia upande ambao hauna kitu.

Sikukata tamaa. Nimeliegesha ubavu ulioumia umebanana na ukuta, hakuna atakayeona. Tatizo dogo ni kwamba mlango wa abiria haufunguki. Kesho nikilitoa utafunguka.

Baadaye nilikaa ndani nikapandisha vioo, nikafanya mazoezi ya maneno yangu. Nikamtazama mtu asiyekuwepo kwenye kiti cha pembeni nikasema, Felisia. Sauti ilitoka na vumbi. Sikuwa nimeitumia tangu nilipoagana na laoban. Nikasema tena, Felisia, mimi nimechoka kuwa peke yangu. Nikasema mara nyingi mpaka ikanyooka. Kisha nikakaa tu. Ndani ya gari pananukia ndimu na hakuna anayepita. Nina upweke mkubwa, haya, nimeandika. Hapa hakuna wa kusoma.

Jumamosi, 8 Agosti

Balaa.

Nimeteremka asubuhi na shati la pasi. Polisi wako kwenye mdomo wa kichochoro, njia pekee ya kutokea. Mezani maji, kiti, mwavuli. Wamekuja kukaa. Mtu mmoja aliyetangulia alitoa fotokopi ya pasipoti. Aliombwa asimame kando, angoje iletwe ya kweli. Mpaka saa sita mchana alikuwa bado kando.

Nikampigia laoban. Yuko kijijini kwao kwenye harusi, atarudi Jumatatu, droo imefungwa, funguo anazo, rafiki, samahani. Nikaitazama fotokopi yangu. Haikung'aa tena kama juzi.

Basi nikaingia garini nikakaa. Mahali pengine pa kwenda sina.

Felisia kapiga. Kafika, kapita salama, yuko nje karibu na mlango na mabegi. Nikasema nipo kwenye foleni. Kapiga tena. Nikasema foleni ya leo si ya kawaida. Mara ya tatu hakuuliza kitu, alinisikiliza tu. Nikasikia matangazo ya ndege nyuma yake, na mimi nyuma yangu kulikuwa na kuku wa mlinzi. Akasema, “Jovitus, hilo gari lina kuku?” Nikakata simu.

Wakati huo Haidar anashuka, pasipoti mfukoni, kanzu safi. Akagonga kioo. Nilifikiria kujifanya nimelala. Lakini mtu yuko uwanja wa ndege, peke yake, lugha hajui, na anayemngoja ni mimi. Nikashusha kioo. Maneno yalikuwa magumu kutoka kuliko ya mapenzi. Nikamwambia Haidar, kanipokelee mtu. Nilijua atacheka, na angecheka ningemsamehe. Hakucheka. Kauliza, “Kavaa nini?” Nikasema sijui, lakini mizigo yake huwa anaifunga kwa kanga. Akaondoka mbio kuwahi basi.

Walifika alasiri. Haidar mabega yote mawili yana mizigo. Felisia kavimba miguu, kachoka, kapendeza. Haidar akapandisha mizigo kwa kina dada wa ghorofa ya pili anakofikia, akapotea bila hata kungoja asante. Felisia akabaki ananitazama mimi na gari. Akasema basi na tulione hilo gari lako. Akachungulia kati ya ukuta na gari. Akauliza kulikoni. Nikaona heri nimweleze, ajue nina akili. Nikamweleza bima yote, nusu bei, kushoto, Fuso la baba mdogo. Alicheka mpaka akashika boneti. Alicheka mpaka machozi. Nikacheka na mimi, mara ya kwanza tangu sijui lini.

Akasema anataka kukaa kwenye baridi kidogo. Mlango wa abiria umebanwa na ukuta, basi nikatangulia mimi kwa mlango wa dereva, nikapanda juu ya gia na shati langu la pasi, nikaangukia kiti cha pembeni. Yeye akakaa kwenye usukani. Nikawasha kiyoyozi. Kimya. Milango imefungwa, watu wawili, hakuna wa kukatiza. Nikakohoa, nikamgeukia.

Amelala. Mdomo wazi, mikono mapajani. Hajalala tangu Mwanza. Maneno yote ninayo na yamenyooka, na mwenyewe kalala. Sikumwamsha. Nilikaa nikimsikiliza anavyopumua mpaka mafuta yakaisha.

Jumapili, 9 Agosti

Sikuweza kwenda misa kwa ajili ya pasipoti. Felisia kaenda na kina dada, kanisa kuu la mawe, kasema nusu ya viti vitupu. Kaniletea wali na maharage kwenye bakuli. Hakuna aliyewahi kuniletea chakula katika nchi hii.

Kisha akasema tukae kwenye gari, ana neno na ghorofani kuna masikio. Neno! Yeye! Nikapanda tena juu ya gia. Yeye kwenye usukani, mikono juu yake kama anaendesha kweli.

Hakuzunguka. “Jovitus, mimi si msichana. Hii ni safari yangu ya mwisho, viza imenitoa jasho, mzigo sasa nitachukulia Kariakoo. Dukani nataka mtu anayekijua kiatu. Nyumbani Flavia kaolewa, nakula peke yangu naitazama redio. Na wewe huku unalinda nini? Mimi narudi Jumatano. Tafuta tiketi twende.”

Nimeandika maneno yake yote kama alivyosema, sikuongeza hata moja.

Moyo uliruka! Uliruka ukagonga paa la gari. Lakini uso haukuruka. Uso wangu nimeufundisha miaka mitatu Zhanxi. Mnunuzi akichekelea bei inaharibika. Na hapa nikajiuliza haraka haraka: ikiwa bei ya kwanza ni duka na nyumba na yeye mwenyewe, ya pili itakuwaje? Huenda jina langu kwenye ubao wa duka. Huenda akatamka lile neno lenyewe, maana nikihesabu vizuri hakulitamka.

Nikasema, Mama Flavia, nitafikiria. Nikageuza uso nikatazama nje kama mtu mwenye mambo mengi. Nje kulikuwa na ukuta.

Akasema, “Haya. Fikiria.” Akafungua mlango wake, akatoka. Mimi nilichelewa kutoka kwa sababu ya gia, nilipofika nje alikuwa ameshapanda ngazi. Mwendo wake ulikuwa wa haraka kidogo. Dalili nzuri.

Jumatatu, 10 Agosti

Laoban karudi. Alfajiri nilitia mafuta ya kidumu, nikapeleka gari kabla polisi hawajakaa. Kalitazama kushoto, kaniambia kushoto safi, kwa kushoto sidaiwi hata senti. Mwaminifu kweli! Kisha akazunguka kulia, akaita mkewe.

Nikamweleza: bima ya kushoto haikutumika, iko nzima kabisa, basi ihamishwe kulia. Meiyou. Nikageuka, nikatembea taratibu. Nikakumbuka pasipoti iko kwenye droo, nikarudi. Nimelipa rangi ya ubavu mzima. Hela niliyoweka kwa ajili ya nauli ya kurudi nyumbani imekwenda humo, lakini sitaki kuandika habari hiyo, nyingine itapatikana.

Pasipoti imerudi mfukoni. Mchana niliwakuta Felisia na Haidar sokoni. Felisia alikuwa ananunua viatu vya shule vya watoto. Alitaja bei, muuzaji akakataa, nikangoja ageuke atembee. Hakugeuka. Kalipa bei ya kwanza. Kasema amechoka na kutembeatembea, mtu akitaka kuuza auze, asiyetaka basi. Nilimsikitikia moyoni. Zamani alikuwa hodari.

Kuhusu jambo letu hakusema kitu. Na mimi sikusema kitu. Tulikula tambi, na Haidar ndiye aliyekuwa anazungumza.

Jumatano, 12 Agosti

Kaondoka.

Tulimsindikiza hadi kituo cha basi la uwanja wa ndege, Liuhua, mimi na Haidar. Haidar kabeba mabegi. Mimi nilibeba mwavuli kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, nikamfunika njia nzima, mimi nikalowa. Nadhani aliona.

Mlangoni mwa basi akasimama. Watu wanamsukuma kwa nyuma, yeye kasimama. Akauliza, “Jovitus, umefikiria?”

Mara ya pili! Kauliza mwenyewe, mbele ya mshindani wangu! Nusura niseme ndiyo. Ndiyo ilikuwa hapa, kwenye meno. Ningepanda basi vile vile na shati lililolowa, nauli ningemkopa Haidar, pasipoti ninayo. Lakini aliyeulizwa mara ya pili ataulizwa na ya tatu, na ya tatu ndiyo bei yenyewe. Nikasema bado naendelea kufikiria. Nikatazama saa yangu.

Akanitazama kwa muda. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akasema basi nijitunze, nile vizuri, nisilale kitanda kile kinachovujiwa nilichomsimulia. Akapanda. Kiti cha pembeni yake kilikaa kitupu mpaka basi likaondoka, nilikiona kupitia kioo, ameweka mkoba wake juu yake halafu akauondoa, akauweka tena.

Tukarudi Sanyuanli. Kwenye ngazi Haidar akasema, “Bwana Jovitus, leo chai utakunywa, umelowa.” Nikasema nina kazi. Nikapanda juu. Sikuwa na kazi. Nilikaa kitandani na viatu mpaka shati likakauka mwilini.

Ijumaa, 14 Agosti

Nilijua!

Simu imelia leo mchana. Namba ya nyumbani, inaanza na 255. Imelia mezani, inatetemeka, inasogea yenyewe kuelekea bakuli la wali la Felisia ambalo sijalirudisha kwa kina dada. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikaushika kwa mkono mwingine. Ukipokea mara ya kwanza umekwisha, atajua ulikuwa umekaa unangoja. Nikaiacha ilie. Ililia muda mrefu kuliko simu zote nilizowahi kupigiwa. Kisha ikanyamaza.

Nimeshinda. Nimesimama katikati ya chumba nikajipigia makofi.

Sasa ni jioni. Mvua inanyesha na dari inavuja palepale. Haidar kagonga mlango mara moja, nikanyamaza kimya mpaka akaondoka, asije akanipigisha porojo simu ikalia. Chini sijashuka, hata mkate sijanunua, maana kwenye ngazi hakuna mtandao. Simu nimeichomeka kwenye chaji na sauti nimeifungua mpaka mwisho. Salio la kumpigia ninalo, lakini sitalitumia, mwenye shida ni yeye.

Atapiga tena. Hiyo ya pili nayo nitaiacha ilie. Ya tatu nitapokea.